Daraja la Tatu

Buti ni za mama. Nimevaa soksi jozi mbili
na bado kisigino kinacheza humo ndani
kama kokwa iliyokauka katika ganda lake.
Yavor ametangulia. Kaka yangu huyu
hajaniambia neno lenye nyama
tangu siku tulipogawana vyombo vya marehemu:
sufuria kwako, saa kwangu, nani achukue pazia.

Korongo bado limefumba. Jua liko juu huko,
limepakwa kwenye ukingo wa mwamba
kama siagi isiyotosha mkate,
na chini huku ni kivuli, ni kuvu, ni misonobari
iliyoshika jabali kwa kucha.
Alama za njia zimechorwa kwenye magome:
nyeupe, nyekundu, nyeupe.
Mto unaongea peke yake. Haujaulizwa.

Mama alinisimulia safari hii kila majira ya baridi,
jikoni kwetu, ghorofa ya nne, mjini Plovdiv,
pilipili nyekundu zikikauka dirishani kwenye uzi.
Wanawake wa kiwanda cha nyuzi walikodi basi,
wakaja na jibini, nyanya, chupa ya pombe ya plamu,
na yeye, Zdravka, akafika wa kwanza.
Nyuma ya maji, alisema, kuna pango,
na pangoni jiwe jeupe limeketi kama bibi harusi.
Nililigusa kwa mkono huu.
Akauinua mkono, una unga mpaka kwenye kiwiko.
Na kila mwaka maporomoko yaliongezeka kimo:
mara mnara wa kanisa, mara minara miwili,
mara huoni yanakoanzia.

Daraja la kwanza: mbao mpya, harufu ya msumeno.
La pili limelalia upande, tulilipita kama walevi.
La tatu ni magogo mawili na waya,
na chini yake dimbwi la kijani lisilo na sakafu,
linakupumulia baridi hadi magotini.

Yavor akasimama hapo. Akaushika waya.
"Aliishia hapa."
Nani?
"Mama. Miguu ilimfa ganzi. Aliketi kwenye lile jiwe,
akala nyanya yake, akawangoja wenzake warudi.
Aliniambia wodini, wiki ile ya mwisho.
Alisema nisikuambie."

Nililitazama jiwe. Jiwe tu,
la kijivu, sisimizi wakihamisha kitu juu yake.
Kisha nikavuka kwa makalio, bila aibu,
buti zikining'inia juu ya dimbwi.

Maporomoko? Ni Agosti. Ni utepe,
maji ya kujaza birika bila haraka.
Nikapita nyuma yake, mgongo ukalowa:
hakuna pango. Ukuta, kangaga, tone, tone.
Niliupapasa ukuta wote
kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Nilitaka kukasirika. Kilichokuja ni kicheko,
na Yavor naye, kwanza kwa pua, halafu kwa mwili mzima,
mpaka akashika mti.
"Wewe alikupa ukweli," nikamwambia,
"mimi akanipa maji."
"Na saa ukachukua," akasema.

Nikavua buti, nikaziweka manyunyu yanapofika.
Angalau zenyewe zifike.

Tulikula mkate kimya, kimya cha aina nyingine.
Wakati wa kurudi, katikati ya daraja la pili,
akaniuliza, bila kugeuka,
nilikuwa natafuta nini kule nyuma.
Yeye hakuwahi kusimuliwa.

Nikaanza: nyuma ya maji kuna pango,
na pangoni jiwe jeupe.
Alipunguza mwendo. Buti zilizolowa zilikuwa zikilia
kwak, kwak, kwenye mbao.
"Na maji yenyewe, kimo chake?"

Niligeuka kuyatafuta. Misonobari ilikwisha kufunga.
Minara mitatu, nikasema.
Labda na nusu.